Mabakuli Manne Chini ya Kitanda

Wapendwa, niazimeni masikio kidogo. Hata wewe mama uliyeacha maharage jikoni, tulia, leo hayataungua.

Palikuwa na nchi moja nyembamba, bahari huku, bahari kule, na katikati mlima. Wakubwa wakasema, tutaukata mlima huu, meli zipite. Wakaja watu kwa maelfu, na sururu na makoleo, wakachimba. Leo wanachimba, kesho mvua inaurudisha udongo shimoni, wanaanza upya. Lakini udongo haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa homa. Mtu anakula mchana anacheka, siku ya tatu macho yamegeuka manjano, siku ya sita anazikwa. Wengine walisema ni harufu ya matope, wengine wakasema mlima umelaaniwa. Hakuna aliyejua, na kila mtu alijiona anajua.

Katika hospitali ya pale palikuwa na muuguzi mmoja, mama mchapakazi kwelikweli. Shida yake ilikuwa siafu. Walikuwa wanapanda vitandani, wanaingia kwenye vidonda vya wagonjwa. Basi akafanya kile ambacho hata sisi tunakifanya kwa kabati la mboga: kila mguu wa kitanda akautia ndani ya bakuli la maji. Siafu akifika hapo, safari yake imeisha. Vitanda arobaini, mabakuli mia na sitini. Kila asubuhi alipita na ndoo, palipopungua akaongeza. Kumwaga hakumwagi, maji yalitoka mbali, na kwao kumwaga maji ilikuwa dhambi. Wakubwa walimsifu sana, na mimi pia ningemsifu.

Lakini jambo moja lilimchanganya. Aliyeletwa na homa akifa, hilo alilielewa. Sasa aliyeletwa na mkono uliovunjika, naye homa ameipata wapi? Wiki mbili tu wodini, anaanza kutetemeka. Na kule upande wa pili, kwenye banda la makuti lililopigwa na upepo, walilazwa waliokosa vitanda. Hao walilala chini kwenye mikeka, siafu wakawang'ata mpaka wakajaa vipele, na walikuwa wanapona. Wanapona, wapendwa! Yule mama akajiuliza, hivi Mungu anawapenda wa chini kuliko wa juu? Akamuuliza daktari. Daktari akamwambia afunge madirisha, hewa mbaya isiingie. Akafunga, wakazidi kufa. Akapiga deki mara tatu kwa siku, wakazidi kufa. Kichwa kikawa kinamzunguka, hajui tena ashike lipi aache lipi.

Siku moja jiwe likaporomoka kule mlimani, likamponda mdogo wake mguu. Huyu ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Alipokimbilia bandani alimkuta kwenye mkeka, siafu wanatembea juu ya bandeji. Moyo ukamuuma, akamwambia amempatia kitanda.

"Dada, niache hapa hapa," kijana akasema. "Wanaopanda kule vitandani hawashuki kwa miguu yao."

"Mama aliniachia wewe," dada akajibu. "Siwezi kukaa nikakutazama unaliwa na wadudu."

Utabishana vipi na dada aliyekulea? Akakubali, akabebwa. Akapewa kitanda kizuri kuliko vyote. Mabakuli yake manne ndiyo yaliyokuwa yakijazwa kwanza kila asubuhi, mpaka juu, na hakuna siafu hata mmoja aliyemfikia. Siku ya tisa akaanza kutetemeka. Siku ya kumi na tano walimzika, na ule mguu ulikuwa umeshaanza kupona vizuri.

Yule mama hakulia. Alirudi wodini akawa anazunguka na ndoo, anajiuliza ni kitu gani hakukifanya. Alikikumbuka kila alichofanya, na vyote vilikuwa vizuri.

Mwezi uliofuata akaja daktari mpya. Hakuanza na wagonjwa. Aliinama chini ya kile kitanda alichofia kijana, akachota maji ya bakuli kwa kikombe cheupe, akasogea nacho penye mwanga, akamwita yule mama aone. Mle ndani viluwiluwi vilikuwa vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka.

"Hivi vikikua ni mbu," daktari akasema. "Na mbu huyu ndiye anayeitoa homa kwa mgonjwa akampelekea mzima. Maji haya anayaweka nani?"

Yule mama akaitua ndoo yake chini.

"Ni mimi," akasema. "Kila asubuhi."

Mbona mmenyamaza? Mlitaka niwaambie alikuwa mvivu, au alikuwa mchawi? Hakuwa hivyo. Alimpenda ndugu yake, ila hakuwahi kuinama akachungulia bakuli lake mwenyewe.

Na sisi je? Sisi tunaomtetea kijana wetu kila anapokosa, asije akaaibika mbele za watu, mpaka hajui tena kukosa ni nini. Sisi wa kanisa hili tunaolinda mlango walevi wasituchafue, halafu humu ndani tunamalizana kwa maneno. Siafu tunawaona, tunawapiga vita, tunasifiwa. Homa tunaimwagilia maji sisi wenyewe ikue. Na lililo baya zaidi, yule mgonjwa alisema! Alisema, niache hapa. Ni nani nyumbani kwako aliyewahi kukuambia hivyo, ukamnyamazisha kwa sababu unampenda?

Wanasema yule mama aliyamwaga mabakuli yote mia na sitini kwa mkono wake. Siafu wakarudi, wodi nzima ikalalamika, wagonjwa wakajikuna na kununa. Kisha mmoja mmoja wakashuka vitandani, wakaenda kwao kwa miguu yao.

Basi kesho asubuhi utaamka na ndoo yako kama kawaida. Ndugu yangu, kabla hujaongeza maji, inama.