Ngoma Juu ya Mwamba

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa uwanja, pakawa vumbi, pakawa ngoma mbili zisizopatana!

Basi tulieni. Hapo kale, zamani sana, wanyama walikuwa na uwanja wao wa ngoma ulioitwa Isangamawe. Upande wa mashariki alicheza Ngiri na kundi lake. Upande wa magharibi alicheza Pimbi na kundi lake. Nasema Pimbi, simsemi Perere. Perere hulala mitini, Pimbi hulala maweni. Msiwachanganye, wenyewe hawapendi.

Desturi yao ilikuwa hii. Kila baada ya mavuno, makundi yote mawili hucheza siku moja, wakati mmoja, uwanja mmoja. Watazamaji huenda watakako. Jua likiinama, Korongo hupita na miguu yake mirefu akihesabu vichwa. Tembo, kichwa kimoja. Panya, kichwa kimoja. Mwenye vichwa vingi ndiye mshindi. Na anayeshindwa mara tatu mfululizo hunyang'anywa ngoma zake, na kundi lake huwa wapiga makofi wa mshindi, maisha.

Pimbi alikuwa manju, yaani mtungaji na kiongozi wa kundi. Mwaka wa kwanza alisema, "Ngiri ana ngoma kubwa. Sisi tutachonga kubwa zaidi."

Wakachonga. Ikawa kubwa hata mpigaji hakuufikia uso wake. Wakashindwa.

Mwaka wa pili alisema, "Tutamwalika Hondohondo, mwimbaji wa mbali."

Hondohondo akaja jua limeshainama. Akaimba nyimbo zake mwenyewe, macho kayafumba. Kundi la Pimbi likakaa mikono kifuani. Wakashindwa.

Ngiri akamtazama Pimbi asiye na mkia, akacheka mpaka akakaa chini. "We Pimbi! Mkia umeusahau nyumbani? Mwaka ujao usisahau mikono, maana utanipigia makofi!"

Mwaka wa tatu ukaingia. Pimbi akawaita wenzake. "Safari hii tutavaa manyoya ya mbuni."

Nguchiro, mpigaji wa chapuo, ile ngoma ndogo ya sauti kali, akasema, "Manju, samahani. Umewahi kumwuliza mtazamaji?"

"Mtazamaji anajua nini kuhusu ngoma?"

"Kupiga hajui. Lakini anajua kilichomfanya aondoke."

Pimbi alitaka kukasirika. Akakumbuka kwamba mwaka mmoja tu umebaki. Akaenda kuuliza.

Akamwuliza Digidigi huona nini uwanjani. "Mimi? Naona magoti ya Pundamilia."

Akamwuliza Panya. "Mimi naona kwato, nakimbia."

Akamwuliza Kobe. "Mjukuu wangu, miaka arobaini nakwenda Isangamawe. Sijaona ngoma hata moja. Visigino vya Tembo ndivyo ninavyovijua."

"Sasa huja kufanya nini, babu?"

"Nasikia wenzangu wanacheka. Nami nacheka, nisionekane mjinga."

Pimbi akacheka. Akarudi nyumbani, akautazama mwamba wao mkubwa pale kando ya uwanja. Kila asubuhi huanika ngoma zao juu yake ili jua likaze ngozi. Kisha huzishusha, wakaenda kucheza chini vumbini. Ndivyo walivyofanya mababu, nao hawakuuliza.

"Jamani!" akapiga kelele. "Mwamba tunao, nasi tunauanikia ngozi tu!"

Siku ikafika. Kundi zima likapanda mwambani. Lakini Twiga akaja akasimama mbele kabisa, kama kawaida yake. Wenzake Pimbi wakamwogopa. Pimbi akashuka mwenyewe.

"Shikamoo, mzee Twiga."

"Marahaba."

"Naomba urudi nyuma."

"Mimi? Nyuma?"

"Wewe ukikaa nyuma kabisa, macho yako bado yako mbele. Kobe akikaa nyuma, ni sawasawa na aliyebaki nyumbani."

Watu wakaangua kicheko. Twiga naye akacheka, akarudi nyuma.

"Na mimi je?" akanguruma Tembo.

"Wewe, mzee, kaa upande wa jua. Masikio yako yatupe kivuli."

Tembo akaona amepewa cheo, akaenda. Wafupi wakaketi mbele. Nguchiro akaliliza chapuo lake, wachezaji wakazunguka, wakaruka, wakainama.

"Kumbe huzunguka!" Kobe akapaza sauti. "Miaka yote hii, kumbe huzunguka!"

Digidigi wakasikia, wakaja. Panya wakaja, na shangazi zao, na watoto wao. Korongo akahesabu, akapoteza hesabu, akaanza upya mara tatu. Kwa Ngiri walibaki Nyati wawili, na mmoja alikuwa amelala.

Ngiri akaja akihema. "Pimbi, nani kakufundisha haya?"

"Nguchiro aliniambia niulize. Kobe akanijibu. Mimi nilipanda tu."

Ngiri akanyoosha shingo. "Hapa nyuma sioni kitu."

"Pita mbele, kaka. Nafasi ipo."

Ngiri akapita, akaketi, akatazama ngoma kwa mara ya kwanza bila kuicheza. Akasahau kwamba ameshindwa. Akaanza kutikisa mabega.

Kobe akamgusa. "Bwana mkubwa, inama kidogo. Unanizibia."

Basi, hadithi hii inatufundisha hivi: anayetaka kuwafurahisha watu asianze na ukubwa wa ngoma yake, aanze kwa kumwuliza asiyeona. Na kiongozi akipewa wazo zuri, alitekeleze mwenyewe kwa ujasiri, na akisifiwa amtaje aliyempa.

Vumbi limetua, ngoma zimeanikwa. Niliyoyaona nimewapa, na msiyoyaona ulizeni waliokaa mbele.