Pikipiki Iliyopashwa Moto

Wapendwa wangu, leo naanza na pikipiki. Naona mzee wa kanisa pale mbele ameshanikazia macho, anajiuliza mchungaji ameamkaje. Tulia, mzee wangu. Tutafika tu.

Kulikuwa na mama mmoja, wa huku huku kwetu kwenye baridi, umri wake hamsini na kidogo. Mume wake alipata kiharusi, mguu na mkono wa kushoto vikalegea. Hospitalini wakamwambia, mama, mlete kila Jumatatu na Alhamisi afanye mazoezi ya viungo, na aje mapema, maana mtaalamu ni mmoja na saa tatu anaondoka kwenda kituo kingine. Asipokosa, miezi sita hii atatembea. Akikosakosa, mguu utabaki hivyo hivyo mpaka mwisho.

Kutoka kwao mpaka hospitalini ni kilomita tisa za vumbi na kona. Mwanzoni walikodi bodaboda. Kijana akaendesha kama anafukuzwa na nyuki, kwenye kona ya tatu wakaanguka wote. Mzee hakuumia sana, ila aliporudi nyumbani alisema, "Mimi sipandi tena. Bora mguu ukauke." Na mnawajua wazee wetu wakishasema.

Mama akaliwaza jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu akamwambia, "Nitakubeba mwenyewe."

"Unibebe na nini?"

"Na pikipiki."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Wewe? Hata baiskeli ilikushinda!"

"Baiskeli ilinishinda kwa sababu wewe ndiye ulikuwa mwalimu," akasema mama. "Na nitakufunga kwa kitenge kiunoni, usidondoke."

"Nifungwe mgongoni kama mtoto mchanga! Watu watasema nini?"

"Waseme. Watoto watano niliwabeba mgongoni, wote wako mjini. Mgongo umebaki mtupu."

Akina mama mnacheka. Cheka tu, mama, hayo ndiyo mapenzi ya watu wazima.

Basi mama akaenda kujifunza. Kaka yake akamfundisha kwenye uwanja wa shule ya msingi, mwezi mzima. Aliingia kwenye matete mara mbili, goli la kaskazini akaligonga mara moja, lakini alijua, akapata na leseni. Ikabaki pikipiki yenyewe. Mpya hawezi. Akasikia kuna mtu anauza ya kwake, iliyotumika.

Kila mtu sokoni akageuka mshauri. Huyu anamwambia angalia tairi. Yule anasema vuta mnyororo. Muuza viazi, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, anamwambia tazama moshi, ukiwa wa bluu kimbia! Mama akayaandika yote nyuma ya daftari lake la nyimbo za kwaya. Jambo moja tu hakuna aliyemwambia, na ndilo lililokuwa linatakiwa.

Sasa huyo muuzaji. Naomba msimchukie, maana alikuwa mtu mwema kabisa. Mwimbaji wa besi, mtu wa salamu, msiba ukitokea yeye ndiye wa kwanza kubeba turubai. Pikipiki yake ilikuwa inang'aa. Ila ilikuwa na ugonjwa mmoja: ikishapoa, haiwaki. Anapiga kiki kwa mguu mara arobaini, haiwaki. Kila alfajiri, kabla majirani hawajatoka nje, alikuwa anaisukuma mteremkoni mpaka inakohoa na kushika. Akiingia mjini inaunguruma vizuri, watu wanasema, yule bwana ana pikipiki! Aliyejua siri hiyo ni mke wake peke yake. Wake wanajua, akina baba. Tusijidanganye.

Mtauliza, kwa nini asiipeleke kwa fundi? Aliipeleka! Mara nne, mara tano. Lakini anafika kwa fundi akiwa ameiendesha. Fundi anagusa, inawaka. "Mbona haina shida? Iache ilale hapa niione asubuhi." Naye anajibu, "Nina haraka, nitaileta siku nyingine." Anaondoka. Miaka miwili.

Mama akamtumia ujumbe: nakuja Ijumaa, saa moja asubuhi. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya mwezi wa saba mnaijua, majani yanaamka meupe. Yule bwana akaamka mapema kuliko siku zote. Akasukuma, akahangaika, ikawaka. Akaiacha iungurume nusu saa nzima, akaizima, akaifuta, akaifunika gunia isipoteze joto. Moyoni anajiambia, si nilishaipeleka kwa fundi? Fundi mwenyewe alisema haina shida.

Mama huyo akafika, mikono imekufa ganzi.

"Kamwene, kaka!"

"Kamwene, dada. Karibu, karibu sana. Mzee anaendeleaje?"

Wakaongea mawili matatu, gunia likatolewa. Mama akafungua daftari. Akabonyeza tairi, akavuta mnyororo, akasoma jina kwenye kadi. Kisha akapuliza mikono yake, baridi imezidi, akainama na kuiweka yote miwili juu ya injini.

Moyo wa yule bwana ukafanya paa!

Mtu anayezijua pikipiki, akishika injini asubuhi na kuikuta ya moto, kabla haijawashwa mbele yake, anajua hapo kuna jambo. Je, mama alijua? Ndiyo kwanza ananunua pikipiki katika maisha yake! Aliinua uso akacheka kwa furaha.

"Jamani! Kumbe umeshaipasha moto! Umeniwazia mimi na mgonjwa wangu kwenye baridi hii! Mungu akubariki, kaka yangu."

Yule bwana akatazama chini.

"Na nikwambie," mama akaendelea, bado mikono iko kwenye injini. "Mzee alikuwa amekataa katakata kutoka nyumbani. Jana nikamwambia, nakwenda kununua pikipiki kwa yule wa besi. Akasema, kama ni ya huyo, nitapanda. Jumatatu saa kumi na mbili ndiyo safari yetu ya kwanza."

Nawauliza, ninyi mngefanya nini? Kilichobaki ni kidogo sana. Abonyeze kitufe, iwake, mama afurahi, mambo yaishe. Nani angejua, mpaka Jumatatu alfajiri, mzee amefungwa kitenge, majirani wamekusanyika kushangilia, na chombo kiko kimya?

Yule bwana akavuta ndoo akaikalia.

"Dada, usinibariki."

"Kuna nini tena?"

"Sikuipasha kwa ajili yako. Nimeipasha ili usiijue. Ikipoa haiwaki."

Mama akaondoa mikono. Aliumia. Nisiwadanganye kwamba alitabasamu, aliumia sana, machozi yakamlengalenga.

"Yaani ungeniacha pale uani na mgonjwa wangu mgongoni?"

"Ningekuacha, dada. Ndiyo."

Kisha mama akafuta macho kwa ncha ya kanga, akauliza swali moja, swali la mtu asiyejua pikipiki.

"Fundi anasemaje?"

"Anasema haina shida."

"Akiiona imepoa?"

Miaka miwili, na hilo hakuwahi kujiuliza. "Hajawahi kuiona imepoa," akasema yule bwana.

"Haya, vaa koti. Twende."

Wakaenda. Fundi alipowaona akaanza kucheka. "Wewe tena? Mbona nasikia inaunguruma safi?"

"Safari hii naiacha ilale," akasema yule bwana. Akamkabidhi ufunguo, akarudi nyumbani kwa miguu, mji mzima unamwona anatembea.

Jumamosi asubuhi wakarudi wote. Pikipiki imelala, baridi kama jiwe la mtoni. Fundi akabonyeza, kimya. Akapiga kiki, kimya. Yule bwana aibu inamla, anatamani akaisukume. Fundi yeye akapiga makofi, furaha tele!

"Hiyo! Siku zote ulikuwa unaniletea nzima. Leo ndiyo umeniletea mgonjwa."

Akaifungua kabureta, akawaonyesha tundu jembamba, ncha ya sindano tu. "Mafuta hupita hapa pikipiki ikiwa ya baridi, ikishapata moto hapa hapana kazi. Limeziba. Ningelijuaje, ukija nayo inachemka?" Akalizibua kwa waya, akapuliza, akafunga. Kazi ya robo saa. Akapiga kiki moja, ikashika.

Yule bwana alilia pale pale gereji, mtu mzima, mbele ya mafundi. Miaka miwili anasukuma gizani, na dawa ilikuwa robo saa!

Mama akainunua pikipiki ile ile. Jumatatu saa kumi na mbili, majani meupe kwa baridi, akabonyeza mara moja ikawaka. Mzee nyuma, koti, kofia ngumu, kitenge kimekaza kiunoni. Wakapita mbele ya mgahawa mmoja wa chai polepole kabisa, na mzee akainua mkono wake mzima akapungia watu kama mheshimiwa.

Sasa, wapendwa, nawaona mnageuka geuka, mnamtafuta huyo mwimbaji wa besi. Besi za hapa, inamisheni macho tu, siwasemi ninyi peke yenu.

Nasema sisi. Tunaijua alfajiri yetu ilivyo. Tunajua tunavyoamka Jumatatu, tulivyo wakavu kwa wake zetu, tulivyo wazito kusamehe, moyo unapigwa kiki arobaini na hauwaki. Lakini Jumapili? Ah! Tunajisukuma mteremkoni. Tunaoga, tunachomekea, tunaimba njiani, mpaka tukifika mlangoni tunaunguruma. "Bwana asifiwe, mpendwa!" Tunasimama mbele za Mungu tukiwa wa moto, Yeye anasema, kaa kidogo, ulale hapa nikuone asubuhi. Nasi tunamjibu, Bwana, nina haraka, nyama iko jikoni. Tunarudi nyumbani na ugonjwa ule ule, halafu tunalalamika kwamba kanisani tunakwenda kila wiki na hatuponi!

Mimi mwenyewe, leo asubuhi, nimemfokea mama mchungaji kwa sababu ya soksi. Soksi! Mwanamke anayenipikia uji miaka kumi na tisa. Kutoka nyumbani mpaka hapa mlangoni nikajipasha, na mmenikuta nikitabasamu. Yule pale, safu ya pili, ananitazama. Mama, nisamehe. Ndivyo nilivyo nikiwa wa baridi, na sitaki kukuficha wewe wala hawa.

Yule bwana alipona siku aliyokubali pikipiki yake ionekane haiwaki. Na aliyemfikisha hapo hakumkemea, alimbariki tu kwa wema ambao hakuwa nao, naye yule bwana akaona hawezi kuupokea. Watu wanatuamini hivyo, wapendwa. Kuna mgonjwa mahali amekataa kupanda kitu chochote, akasikia ni chako, akasema, kama ni cha huyo, nitapanda.

Kwaya, najua mmejiandaa, lakini msisimame kwanza. Mpiga kinanda, mwanangu, shusha mikono. Mnatupasha vizuri kila wiki, na tunawapenda, ila leo tuacheni. Tukae kimya, bila wimbo, bila mtu kusema amina. Utakaposikia baridi moyoni usiharakishe kuwasha kitu. Kaa hapo hapo upoe. Fundi yupo, na hana haraka.