Ngiri Walivyotoa Akiba Yao Kwenda Kuona Maajabu

Wenzangu, mpo?

— Tupo!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Basi yategeni. Na anayetaka kukohoa akohoe sasa, nikianza sitaki kukatizwa.

Zamani hizo, zamani ambazo hata bibi yake bibi yangu alisimuliwa tu, palikuwa na Ngiri na mkewe na watoto wao watatu. Wa kwanza aliitwa Kishindo, kwa sababu siku aliyojifunza kutembea alianguka mara saba. Wa pili aliitwa Kelele, na huyo sababu yake mnaijua. Wa mwisho aliitwa Mbonahivi. Huyu tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Kila kitu kwake kilikuwa mbona hivi, mbona vile.

Mama yao, Mama Kishindo, alikuwa mchapakazi. Alichimba viazi pori masika nzima mpaka pua ikaota sugu. Akajaza matenga matatu, akayaweka shimoni, akayafunika kwa majani. Viazi vile vilikuwa vya kiangazi. Na kiangazi cha nyika ile hakikuwa na mchezo. Ardhi ilikuwa inakauka inakuwa ngumu, ukiichimba kwa pua unaumia pua na kiazi hupati. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Kishindo alikuwa anafunua majani, anatazama matenga yake, anayafunika tena. Moyo unatulia, anaendelea na kazi.

Siku moja akapita Nguchiro na ngoma yake. Nguchiro mnamjua? Mdogo, mkia mrefu, macho hayatulii. Akapiga ngoma akaimba:

*Njoo uone, njoo ucheke,*
*Mwenye huzuni asihuzunike,*
*Lete kiazi, lango lifunguke!*

"Nina bustani ya maajabu!" akasema. "Ndani yake mna viumbe ambao hamjawaona tangu mzaliwe. Njooni na watoto. Jioni, kabla jua halijazama!"

Watoto wa Ngiri wakaruka. "Mama, twende!"

"Hatuendi," akasema Mama Kishindo. "Kiazi ni cha kula."

Siku ya pili Nguchiro akapita tena na ngoma yake. Watoto wakalia. "Baba, twende!"

"Mwakani," akasema Baba Kishindo. Baba huyu kila kitu kwake kilikuwa mwakani. Nyumba kupanuliwa, mwakani. Meno kusafishwa, mwakani.

Siku ya tatu Nguchiro akapita tena. Safari hii watoto hawakuruka, hawakulia. Kelele mwenyewe alikaa kimya! Mama Kishindo akashtuka, akadhani mtoto ana homa. Akamgusa paji la uso.

"Siumwi, Mama," akasema Kelele taratibu. "Ni kwamba sisi hatujawahi kwenda popote."

Hapo Mama Kishindo akashikwa na huruma. Akatazama matenga yake matatu, akawatazama watoto wake watatu. Ni kweli, hawakuwahi kwenda popote. Walikuwa wanatoka shimoni, wanakwenda majanini, wanarudi shimoni.

"Haya," akasema. "Tenga moja. Mnanisikia? Moja tu!"

Jioni wakaoga matope, wakapendeza, wakaondoka. Baba mbele na tenga kichwani, watoto katikati, mama nyuma anawasukuma. Wakafika kwenye ua mrefu wa miiba. Nguchiro alikuwa amesimama langoni.

"Karibuni, wageni wangu wa heshima! Karibu, bibi mkubwa! Kuingia ni tenga moja."

Tenga la kwanza likaenda.

"Sharti ni moja tu," akasema Nguchiro. "Msiseme na viumbe. Ni wakali, wakisemeshwa wanachafukwa."

Wakaingia. Mbele yao palikuwa na ua mwingine mfupi wa fito, na kando yake gogo. Wakaketi kwenye gogo. Hawajapumua, Nguchiro huyo hapo.

"Kuketi ni tenga moja."

"Tutasimama!" akasema Mama Kishindo.

"Kusimama ni bure, bibi mkubwa. Ila mtawaziba walio nyuma."

"Nyuma yetu hakuna mtu!"

"Ndiyo maana nawaambia mapema, kabla hawajaja wakakasirika."

Mama Kishindo akafungua mdomo kumjibu. Lakini Kishindo alikuwa ameshaegemea, na Mbonahivi miguu inamuuma. Baba Kishindo akasema, "Mke wangu, tumeshafika, tusiaibike." Akakimbia nyumbani, mkia umesimama wima, akarudi na tenga la pili.

Halafu upande wa pili wa fito wakatokea viumbe.

Jamani! Walikuwa watano. Walikuwa na nywele ndefu, ngumu, nyeusi na nyeupe, zimesimama mgongoni utadhani wamepigwa na radi. Wakitembea, zinalia cha-cha-cha. Mkubwa wao akapiga chafya, nywele zote zikatawanyika, akageuka akaanza kutembea kinyumenyume mpaka akagonga mti.

Watoto wa Ngiri wakacheka mpaka wakaanguka kutoka kwenye gogo. Mama Kishindo naye alijibana, akajibana, mwisho ikamtoka: *kwi kwi kwi!*

Nguchiro huyo hapo.

"Kucheka ni tenga moja. Macho mmeyalipia, makalio mmeyalipia. Mdomo bado."

Mama Kishindo kicheko kikamkauka. Tenga la tatu lilikuwa la mwisho. Lakini watoto walikuwa wamelala chali, machozi ya furaha yanawatoka, na Baba Kishindo ameshaondoka na mkia wake juu. Akarudi na tenga la tatu. Nguchiro akalipokea akapotea.

Sasa, wenzangu, nielezeni. Viumbe wale ni nani?

— Nungunungu!

Ni Nungunungu! Ninyi mnamjua. Lakini ngiri hutembea mchana, na usiku amelala. Nungunungu hutembea usiku, na mchana amelala. Walikaa nyika moja miaka na miaka, huyu akiingia ndani yule anatoka, na hawakuwahi kuonana hata mara moja. Nguchiro ndiye aliyewajua wote wawili.

Mama Kishindo akakaa pale kwenye gogo, hana raha. Kila akiangalia nywele za wale viumbe anaona viazi. Alikuwa amekasirika, na hakujua amkasirikie nani, Nguchiro au mumewe au yeye mwenyewe. Akasema moyoni: angalau tule majani ya hapa, tusirudi na njaa. Akawaita watoto, wakapiga magoti wote watano kama ngiri wanavyokula, wakaanza kutafuna.

Upande wa pili pakalipuka kicheko. Nywele zikalia cha-cha-cha-cha! Kiumbe mmoja mdogo akajishika tumbo akagaagaa chini.

"Mbona hivi?" akauliza Mbonahivi. "Mama, mbona wanatucheka?"

"Usiseme nao."

"Sisemi nao, nasema nawe. Mbona wamekalia gogo kama letu?"

Mama Kishindo akainua macho. Kweli, viumbe wale walikuwa na gogo.

Kabla hajamshika, Mbonahivi alikuwa ameshapenyeza pua kwenye fito. "We!" akamwita yule mdogo. "Mnalipwa ngapi na Nguchiro mtuchekeshe?"

Yule mdogo akaacha kugaagaa. Jina lake lilikuwa Sindano. "Tunalipwa?" akasema. "Sisi ndio tumelipa! Tumelipa mihogo yetu yote kuja kuwatazama ninyi! Ninyi si ndio viumbe wa ajabu, mnaoomba msamaha kwa majani kabla ya kuyala?"

Ngiri wote wakanyanyuka haraka kutoka magotini.

Mama Kishindo akasogea kwenye fito. Mama Sindano naye akasogea. Wakatazamana, pua kwa pua.

"Shoga," akasema Mama Sindano, "wewe umetoa nini?"

"Matenga matatu. La kuingia, la kuketi, la kucheka."

"Na mimi mafungu matatu ya mihogo. La kuingia, la kuketi, la kucheka. Hilo la kucheka alilidai kabla hatujacheka. Akiba yetu yote, shoga yangu. Na kucheka kwenyewe tulikuwa tunakucheka wewe."

"Hata sisi tulikuwa tunawacheka ninyi," akasema Mama Kishindo, na aibu ikampanda mpaka kwenye masikio.

Baba Kishindo akasema, "Tumwendee mwakani."

"Leo!" wakasema mama wale wawili. Wakazing'oa fito zile kama mtu anavyong'oa magugu.

Nguchiro alikuwa amekaa mbele ya kichuguu chake, anatafuna kiazi, mdomo umejaa. Akawaona wanakuja: ngiri watano, nungunungu watano. Akatupa kiazi, akajitoma ndani ya kichuguu, alimoficha viazi vyote na mihogo yote.

Kichuguu kile kilikuwa na matundu matatu. La kwanza kubwa, la pili kubwa, la tatu dogo la kupitisha hewa. Mama Kishindo akakimbilia la kwanza. Na ngiri, wenzangu, haingii shimoni kwa kichwa, hata umfukuze na moto. Anageuka, anatanguliza makalio. Mama Kishindo akageuka, akaingia kinyumenyume, akakaza. Tundu likaziba.

Nguchiro akakimbilia tundu la pili. Huko Mama Sindano amefika, na nungunungu akipigana hapigani kwa uso. Anageuka, anatanguliza makalio, miiba yote wima. Naye akaingia kinyumenyume, akakaza.

Basi mwoneni Nguchiro sasa! Akienda huku, anakutana na makalio makubwa. Akienda kule, anakutana na makalio yenye miiba. Akisukuma yale ya huku, hayasogei. Akisukuma ya kule, anarudi anapuliza vidole.

"Nitoeni!" akalia. "Nakosa hewa! Hasa kutoka upande wa ngiri!"

"Nguchiro," akasema Mama Kishindo, kichwa chake nje, kinapunga upepo mzuri wa jioni. "Tundu la tatu liko wazi. Wewe hupiti, lakini kiazi kinapita. Semeni, watoto!"

Nanyi semeni nao, msikae tu: Toa kiazi!

— Toa kiazi!

Kiazi kikatoka, kikabingirika, Kishindo akakidaka akaanguka nacho.

Toa muhogo!

— Toa muhogo!

Muhogo ukatoka, Sindano akaupokea.

Toa vyote!

— Toa vyote!

Nguchiro akatoa. Akatoa kimoja kimoja, anahema, anatoka jasho, anasukuma kwa pua. Pua ikachubuka mpaka ikafanana na ya Mama Kishindo masika ilipokwisha. Na kila kiazi kikichomoza kwenye katundu kale, watoto wanacheka, na kicheko kile hakikulipiwa na mtu. Vilipobaki vile tu alivyokwisha kula, ndipo wakamwachia. Akatoka mbio na hajapiga ngoma katika nyika ile mpaka leo.

Wakagawana, kila mmoja chake. Matenga ya Ngiri yalirudi mawili na nusu.

Njiani Mama Kishindo alikuwa anahesabu kichwani siku za kiangazi, na hesabu inakataa. Nusu tenga ni siku kadhaa za njaa. Baba Kishindo akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Mke wangu, tulikosea kwenda?"

"Niache kwanza," akasema.

Kiangazi kikaja. Ardhi ikakauka, majani yakaisha. Viazi vya Ngiri vikaliwa, vikapungua, na siku tatu kabla ya mvua vikaisha. Mama Kishindo akawalaza watoto na njaa siku ya kwanza, na moyo ukamuuma vibaya. Jioni ya pili akasikia mlangoni cha-cha-cha.

Alikuwa Mama Sindano, na mihogo. "Shoga, nilipita nikaona shimoni kwenu hakuna harufu ya chakula," akasema. "Kwetu muhogo umebaki. Kuleni."

Mama Kishindo akalia mbele ya watoto wake bila kuona haya. Kisha wakala wote pamoja, ngiri wamepiga magoti, nungunungu wanawacheka, ngiri nao wanacheka chafya za Baba Sindano, yule mkubwa aliyegonga mti.

Usiku ulipokaribia, Mbonahivi akauliza, "Mama, mwakani tutakwenda tena kuona viumbe wa ajabu?"

Mama Kishindo akamwangalia Mama Sindano aliyekuwa anapangusa unga wa muhogo kwenye miiba yake.

"Baba Kishindo," akamwita mumewe, "uliniuliza swali siku ile njiani. Ilikuwa ghali, na Nguchiro ni mwizi. Lakini nusu tenga kwa jirani kama huyu, mimi ningetoa hata tenga zima."

Basi wenzangu, funzo ni hili. Watoto wapelekeni matembezi, msiwafungie shimoni kila siku mkisema mwakani. Lakini kabla hujamlipa mtu akuoneshe maajabu ya mbali, mpigie hodi jirani uliyepishana naye miaka yote, maana huenda yeye ndiye ajabu lenyewe, na kumwona hakuna kiingilio. Na ukimcheka, mpe nafasi naye akucheke.

Ngano yangu imefika langoni. Aliyeipenda aichukue akasimulie kwao, asiyeipenda aniachie nitampa mwingine. Lango liko wazi, na kutoka ni bure.