Muadhini Aliyejifunza Kuitwa

Wamesimulia wema waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa bonde la Hadhramaut aliishi muadhini aitwaye Dhakwani bin Suhaimu, ambaye Mwenyezi Mungu alimjaalia sauti ya kulainisha nyoyo. Alipoadhini, wachuuzi waliacha mizani, na wasafiri walisimamisha ngamia wao wakamsikiliza. Akadumu katika kazi hiyo miaka ishirini.

Kisha akapatwa na maradhi ya koo, sauti ikamtoka kabisa. Imamu akamtaka Mubashiri, mshona viatu, ashike nafasi yake. Mubashiri alikuwa mcha Mungu, lakini sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na Dhakwani hakustahimili kuisikia. Kila wakati wa swala ulipoingia alifunga dirisha, akaswali peke yake nyumbani, moyo umemfura kwa uchungu.

Mkewe, Bi Raihana, Mungu amrehemu, aliivumilia hali hiyo siku nyingi. Adhuhuri moja alimkuta ameshika komeo la dirisha, akamwambia kwa upole, "Mume wangu, miaka ishirini umewaita watu. Je, wewe mwenyewe umewahi kuitwa?"

Mkono wa Dhakwani ulibaki pale pale kwenye komeo. Mara adhana ikaanza, ikamwingia neno baada ya neno. Mubashiri alipofika "Njooni kwenye swala," Dhakwani alihisi kana kwamba maneno yale yanamfikia kwa mara ya kwanza maishani. Machozi yakamtoka. Akavaa viatu, akaenda, akasimama safu ya nyuma kabisa, na katika swala ile hakukumbuka alivyokuwa jana wala hakuogopa atakavyokuwa kesho.

Miezi ikapita, naye hakukosekana katika safu ile. Hatimaye Mola akamrudishia sauti. Mubashiri akamjia mbio, uso umejaa furaha.

"Alhamdulillahi, sheikh wangu! Njoo ushike mahali pako. Mimi nilikuwa nakushikia tu."

Dhakwani akamshika mkono. "Ndugu yangu, nitakwambia jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilipokuwa juu ya mnara nikisema Mungu ni Mkubwa, masikio yangu yalikuwa chini sokoni, yakitafuta nani anaisifu sauti ya Dhakwani. Adhini wewe. Mimi niache niitwe."

"Na watu wakiniuliza habari zako?"

Dhakwani akatabasamu. "Waambie Dhakwani hajambo, yuko msikitini."

Ikawa hivyo hadi alipofariki, na waliomjua walisema hawakupata kuona uso mkunjufu kama wake.

Enyi ndugu zangu katika imani, adhana ya leo haitaadhiniwa tena kesho. Tumwombe Mola atupunguzie kelele za nafsi zetu, ili itakapotufikia, itukute tupo.