Mgeni wa Khelefu Katika Kisiwa cha Machungwa

Mji wa Sahalani ulitawaliwa na Sultani Ghalibu bin Muhana, mfalme aliyependa raha kuliko vita, na kwa sababu hiyo raia zake walikuwa wengi na wazima wa viungo. Sultani huyo aliunda merikebu ya matembezi, yenye mazulia na mabirika ya fedha, na kila mwaka aliwapakia watu aliowapenda wakazunguke visiwa vya mbali, watazame maajabu na kurudi. Mwaka ninaousimulia alimpakia Khelefu bin Sanuri, muuza manukato, mtu ambaye adabu zake zilisifiwa mji mzima, na pamoja naye binti yake Ruzuna, wa miaka tisa. Mama wa mtoto huyu alikuwa amefariki, na ndugu mwingine hawakuwa naye; binti alikuwa na baba, na baba alikuwa na binti, basi.

Siku ya ishirini asubuhi wakatia nanga mbele ya kisiwa kisicho na joto wala baridi, chenye michungwa iliyoota yenyewe na chemchemi za maji moto na ukungu uliokaa juu ya vilima. Nahodha Farajala akawakusanya abiria na kusema, "Enyi wageni wa Sultani, shukeni mkatembee mfurahi. Lakini mkondo wa kutokea hapa hufunguka leo hadi alasiri tu, kisha hufungwa miaka thelathini. Nitapuliza baragumu mara tatu, na baada ya la tatu simngoji mtu, hata awe ndugu yangu wa tumbo moja."

Ruzuna alikuwa amechafukwa na moyo kwa mawimbi, hakuweza kushuka. "Baba, usichelewe," alisema. Khelefu akamfunika shuka na kumjibu, "Nitachelewaje, mama, nawe uko huku?" Akashuka na kapu la chakula, na moyo wake ulikuwa mweupe.

Akatembea hata adhuhuri, akanusa maua asiyoyajua na kuyafunga kwenye leso, na njaa ilipomshika akatandika mkeka penye kilima kinachotazama bandari, akapakua wali wa zabibu na kuku. Sasa, watu wa Sahalani hawali kimya. Akipita mtu, hata mbali, huambiwa "Karibu tule," naye hujibu "Ahsante, nimekwisha kula," na kila mmoja hushika yake. Khelefu akasikia nyayo za mtu akipita kati ya michungwa, na kabla hajafikiri, ulimi ukamtoka, "Karibu, bwana, tule." Yule mtu akasimama, akaja, akaketi.

Alikuwa jini. Khelefu aliona kwato chini ya kanzu, lakini mgeni akapiga bismillahi kwa sauti nzuri, akasema, "Mimi ni Barhuti, mwenye kisiwa hiki. Nina miaka elfu mbili na mia, na hakuna aliyepata kunialika. Umenitukuza, ee mtu mwema, nami nitakula kwa heshima inayokustahili." Akachukua punje moja ya wali, akaitafuna taratibu, akaisifu, kisha akachukua ya pili.

Na huko Sahalani mwenyeji hainuki mgeni akiwa bado anakula, wala hatazami jua, wala hataji haraka. Afanyaye hivyo watu humsema hata kaburini. Baragumu la kwanza likalia. Khelefu akatabasamu na kumsogezea mgeni paja la kuku. Jini akaanza kumhesabia babu zake, na Khelefu akaitikia na kucheka palipopasa kuchekwa, ingawa moyo wake ulikuwa merikebuni. Likalia la pili.

Baharia mmoja akapanda kilima mbio. "Bwana Khelefu, twende, chombo kinaondoka."

"Naja. Nina mgeni, anamalizia."

Baharia akatazama mkeka, na kwa kuwa majini hawaonwi ila na aliyewaalika, akaona sinia na mtu mmoja. "Mgeni gani, bwana?"

"Mwambie nahodha nakuja," akasema Khelefu, kwa kuona aibu kumbishania mgeni mbele yake. Baharia akashuka.

Likalia la tatu, na tanga likapandishwa. Hapo adabu zikamwisha Khelefu, akasimama na kusema kwa kilio, "Bwana, nisamehe, inuka, mwanangu yuko mle."

Barhuti akaweka chini punje aliyoishika. "Kumbe una haraka? Mbona hukusema? Ningeondoka tangu mwanzo. Nilikula polepole kwa kuogopa kukuvunjia heshima."

Khelefu akakimbia mpaka maji yakamfika kifuani, akaita hata sauti ikamkauka. Merikebu ikapita mkondo, na mkondo ukajifunga nyuma yake. Jini hakuweza kumvusha, kwani maji ya chumvi ni haramu kwa kabila lake, ila alikuwa na ndege mnenaji mwenye mbawa kali, akamtuma afuate chombo. Ndege akarudi jua linazama, manyoya yamemnyonyoka, akasema, "Nimepenya kwa tabu, na sasa hata mimi sipiti tena. Nilimkuta mtoto na darubini ya nahodha. Baharia alimwambia, baba yako ana mgeni. Akajibu, 'Hana mgeni. Nilimwona. Alikuwa peke yake, anakula, anacheka.' Kisha akarudisha darubini, na hakuuliza tena."

Barhuti alihuzunika sana, akampa Khelefu kasri la marijani na visima saba vya lulu, akamwoza dada yake Nurihayati, ambaye uzuri wake ulifanya machungwa yaive kabla ya wakati. Harusi ilikuwa ya siku saba, na bwana harusi alilia zote saba. Alikuwa tajiri kuliko Sultani Ghalibu, na kila siku alikula, kwa sababu mkewe alimlisha kwa mkono.

Nami niliyewapa hekaya hii sina dawa ya kuwapa pamoja nayo. Nawausia hili moja tu: mgeni mwambieni mna haraka. Mgeni ataelewa, hata akiwa jini. Mtoto anayewatazama kwa mbali hataelewa.