Kibanda Kimoja cha Kichangani

Sogeeni, nafasi ipo. Hadithi inakuja, ipokeeni!

Mtaa wa Kichangani walikuwapo watu watatu. Tabu alijaliwa mdomo, Fundi Makata alijaliwa mikono, na Bi Kidawa alijaliwa macho. Ila mdomo husikika, mikono huonekana. Macho nani huyashukuru?

Barabara ilipopanuliwa, mabaraza yote yalivunjwa. Wazee wakakosa pa kukaa. Bi Kidawa, aliyekuwa akipikia vitumbua barazani kwake, akabaki na kikaango ndani na wateja hawamwoni. Mahali pa wazi mtaani pakabaki jalala tu, nalo tajiri mmoja alilitaka ajenge ghala.

Tabu akafunga kanga. Kila Ijumaa, ofisi ya kata.

"Bibi, umekuja tena?"

"Nimekuja kukujulia hali, mwanangu. Na jalala letu, halijambo?"

Ijumaa ya tisa ofisa akacheka, akawapa watu wa mtaa jalala lao.

Fundi Makata akazoa taka, akaokota mawe ya mabaraza yaliyovunjwa, akajenga viti, akapanda miarobaini. Mgongo ulimuuma hata kusujudu akashindwa. Viti vikapendeza: mstari mmoja, vyote vimeelekea barabarani.

Hakukaa mtu.

Bi Kidawa akatazama siku tatu, kisha akamwendea. "Fundi, umetujengea zahanati. Mtu akikaa hapa anangoja kuitwa kudungwa sindano!"

"Kwani viti vina kosa gani?"

"Baraza ni nyuso, baba. Watu watazamane. Na pale watoto wanapokatiza kwenda chuoni kusoma Kurani, usipazibe."

Makata akanuna siku mbili. Ya tatu akavunja, akajenga upya, uso kwa uso. Jioni ile ile bao likachezwa, wanawake wakasukana, na wazee wawili waliokuwa hawasemezani wakaanza kubishana.

Sasa kata ikaruhusu kibanda kimoja tu pale uwanjani.

"Nipeni mimi," akasema Tabu, "binti yangu mjane ashonee. Bila mdomo huu mngekuwa mnatazama ukuta wa ghala."

"Maneno hayakaliwi," akajibu Makata. "Mgongo wangu umekwishia humu. Nipeni niuze kahawa."

Bi Kidawa akasogea mbele. "Sikubeba jiwe, wala ofisini sikwenda," akasema. "Ila viti vilikuwapo, na watu hawakuwapo. Nami sina tena pa kupikia."

Mwenyekiti wa mtaa ameshika ufunguo wa kibanda, anawatazama mmoja mmoja. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: mngekuwa ni nyinyi, ufunguo ule mngemkabidhi nani?