Kwa Nini Mama Anafagia?

Hapo zamani, wala si zamani za mbali, shule moja ya milimani ilipata nafasi moja ya ufadhili wa sekondari. Wasichana wawili wakaiwania, Mghoi na Wakesho. Ambaye angeikosa angerudi kugonga kokoto na mama yake.

Katika sarufi walilingana, ngeli kwa ngeli. Ushairi ndio ungewatenganisha.

"Mama wa shairi hili anafagia ua usiofika mgeni. Kwa nini?" Mwalimu Kirigha aliwauliza darasani. "Mwongozo wa kusahihisha unasema ni usafi na bidii. Lakini nyinyi someni kwa macho yenu."

Mghoi akasoma kwa macho yake. Kaka yake alikwenda mgodini asirudi, na tangu hapo mama yao hufagia ua kila alfajiri.

"Hafagii taka," akamwambia Wakesho. "Anamsafishia njia mtu ambaye hatakuja."

Wakesho akalia. Kisha akapangusa machozi. "Shoga, hayo usiyaandike. Andika usafi."

"Nimsingizie mama yangu usafi?"

"Kwani wasahihishaji wanamjua mama yako?"

Mtihani ukaja na swali lilelile. Wakesho akaandika usafi. Mghoi akaandika mama yake.

Mwalimu Kirigha, naye akiwa mmoja wa wasahihishaji, aliposoma jibu la Mghoi, alivua miwani, akafuta macho, akaivaa tena. Kisha akampa sifuri.

Siku Wakesho alipoondoka na sanduku lake la bati, yeye na Mwalimu Kirigha walipitia kokotoni, Mghoi na mama yake walikokuwa wakigonga mawe, kuaga. Mghoi hakuinuka.

"Mwalimu, si ulisema tusome kwa macho yetu?"

"Nilisema msome, mwanangu. Ningekupa alama, wakubwa wangezifuta, na mimi pamoja nazo."

"Na wewe Wakesho, uliyelia?"

"Nilikuonya! Tungeandika wote vile, leo tungekuwa wote hapa. Ungefurahi?"

Mama akatua nyundo. "Mghoi, nani alikutuma unipeleke mtihanini? Ungesema nafagia taka. Ningekuwa nimepungukiwa nini?"

Hapo ndipo Mghoi alipolia.

Haya, nyinyi wenye midomo, amueni. Mmoja alifungua macho ya watoto kisha akayaadhibu. Mmoja aliujua ukweli akaandika uongo, akapanda gari. Mmoja alionywa, akakataa kumkana mama yake hata kwa neno moja, na sasa mama na mwana wanagonga mawe. Je, nani alimfungia Mghoi mlango?